Kona ya Nyumba ya Mwangi

Mwangi wa Frere Town, wakala wa kutoa mizigo bandarini, alijaliwa jicho. Watu walilijua hilo kwa sababu aliwaambia mwenyewe, kila alipopata nafasi. Alipojenga nyumba yake alimfukuza fundi Chrispine kwa kosa kubwa la kuning'iniza timazi. Eti mtu mwenye leseni ya bunduki, mwanachama wa klabu ya shabaha, apimiwe ukuta kwa kamba yenye jiwe! Akasimama uani, akafumba jicho moja, akawa anaelekeza matofali kwa kidole. Ukuta ukapanda. Ulipandia upande gani, halikuwa jambo la kusemwa mbele yake.

Mkewe Agneta alilisema, mara moja moja. Mafuta ya chapati yalikimbilia upande mmoja wa kikaango, na mlango wa kabati ulijifungua wenyewe. "Ni upepo," alijibu Mwangi, na hata kikaango alikipatia upepo wake.

Mwaka huu klabu ilitafuta mtu mmoja wa kuiwakilisha kwenye mashindano ya masafa marefu. Mwangi alikuwa ameitamani nafasi hiyo mpaka akakonda. Akanunua darubini mpya ya bunduki, akaifunga mwenyewe. Bunduki aliilaza sawasawa kwa pima maji, kama inavyotakiwa. Kisha ule mstari wa wima ndani ya darubini, ambao wenzake huulinganisha na kamba ya timazi, yeye akaulinganisha na kitu alichokiamini zaidi: kona ya nyumba yake.

Kwa mita mia, risasi ziliingia katikati, naye akavimba kichwa. Siku ya mchujo, alipopandisha kipimo cha darubini ili afike mita mia sita, zote zilihamia kulia, zikifuatana kwa adabu.

Rafiki yake Katana, aliyekuja kumtia moyo, alifunga kamba yenye nati kwenye nguzo, akaichungulia kupitia darubini.

"Ndugu yangu, hii darubini imelala upande. Uliinyoosha kwa kutazama nini?"

"Kona ya nyumba."

Katana akakohoa. Agneta, aliyekuja naye uwanjani na alikuwa akimimina chai, akatazama chini. Ilibaki raundi moja, na kazi yenyewe ilikuwa kulegeza skrubu chache tu.

"Kamba yako inapeperushwa," alisema Mwangi. Hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani.

Agneta akamsogelea. "Baba Lenox, nyumba mimi nimeshaizoea. Inyooshe hiyo darubini upate unachokitaka. Sitakukumbusha kamwe."

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mwangi aliona huruma ile ni tusi. Akalala kifudifudi, akashika bunduki, na moyo ukamuuma kweli, maana jicho lake maarufu hatimaye lilifanya kazi: aliuona mstari umeinama, na akilini ukuta wa nyumbani nao. Hata bila kugusa skrubu angeweza kulenga kushoto kidogo akaokoka. Lakini kulenga kushoto kulikuwa kukiri, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Akalenga katikati kabisa, akafyatua.

Nafasi aliichukua Nadira, binti aliyejiunga na klabu juzi tu. Mwangi alimpa mkono, akamsifu kwa sauti ili wote wasikie, kisha akaenda garini, akapandisha vioo, akalia.