Dada wa Simu

Mpokea simu wa hospitali yetu ni mwanamume wa makamo, mwenye mabega mapana na kucha anazozisugua mpaka zinang'aa. Zamani simu ikilia alikuwa akilegeza kola, anakaa vizuri, kisha anasema, "Karibu, nikusaidie nini?" kwa sauti nyororo iliyotulia. Wapigaji walimwita dada. Hakuwasahihisha hata mara moja. Alitabasamu peke yake, uso ukikunjuka, na siku hiyo alikuwa mtu wa raha hadi jioni.

Kisha akaja mama mmoja, mkononi ana kitambaa kipya cha kichwa, chenye maua. "Namtafuta yule dada wa simu," alisema. "Alinituliza mpaka gari la wagonjwa lilipomfikia mwanangu." Mlinzi alicheka hadi akashika mbavu. "Dada gani, mama? Hapo kuna dume zima." Sote tukageuka. Mpokea simu alikitazama kile kitambaa, akakohoa. "Ameacha kazi, mama," alisema kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Mama akasikitika, akaondoka na zawadi yake. Simu ilipolia tena, aliipokea kwa sauti ileile nzito, na tangu hapo wapigaji humwita kaka.