Madirisha ya Mama Pazia

Saa moja asubuhi, mwanamke anatoka chumba namba tatu akiwa amebeba godoro lililokunjwa. Wapangaji wa vyumba vya jirani wanamsalimia bila kushangaa. Ndiye mwenye nyumba.

"Chumba kikiwa wazi, nalala humo wiki nzima kabla sijampa mtu," anasema huku akiliegemeza godoro ukutani. "Dari ikivuja, inanivujia mimi kwanza."

Mtaani anaitwa Mama Pazia. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na sita ameshona mapazia ya nyumba za watu. Cherehani yake ndiyo iliyomjengea vyumba vinne vya kupangisha, vyote kwenye safu moja.

Mtindo wa kulala vyumbani aliuanza baada ya kuvurunda. Alipokuwa akijenga, alikuwa na mapazia mengi madogo yaliyokosa wateja. Akaona yasipotee bure, akamwagiza fundi mwashi aache nafasi za madirisha zinazoyatosha. Dunia nzima hupima dirisha kwanza. Yeye alianza na pazia.

"Fundi aliniuliza mara mbili, mama, una uhakika? Nikamwambia wewe jenga tu." Anacheka mpaka anafuta machozi. "Mpangaji wa kwanza alikaa siku kumi na moja. Akasema chumba ni kizuri, ila humo ndani anaiva kama mkate."

Tangu hapo wapangaji huja na kuondoka, na kila mwaka chumba kimoja au viwili hukaa vitupu miezi mitatu. Aliyedumu ni mmoja tu, mwalimu mstaafu wa namba moja, mwenye miaka tisa hapo.

Mwaka huu jambo hilo limekuwa zito. Macho ya Mama Pazia yamechoka; kutunga uzi kwenye sindano kunamla dakika tano, na daktari amemshauri apunguze kushona. Cherehani ikinyamaza, atategemea vyumba hivi tu. Anakiri kwamba anaogopa.

Habari zilipoenea, kila mtu akapata la kusema. Dalali mmoja mwenye maneno matamu alimshawishi auze vyote, anunue viwanja viwili nje ya mji na kusubiri bei yake ipande. Mdogo wake wa kiume alitaka wakope benki, wabomoe na kupandisha ghorofa.

Kwenye karatasi ghorofa ilipendeza. Lakini marejesho yangemeza kodi yote kwa miaka saba, na mwalimu angelazimika kuhama.

Viwanja navyo alivifanyia kama anavyovifanyia vyumba. Alibeba kigoda, akaenda kukaa huko kutwa nzima, dalali akidhani ni utani. Hadi jua linazama hakumwona hata mtu mmoja akiulizia chumba, na bomba la maji lilikuwa mwendo wa nusu saa.

"Sisemi ni pabaya," anaeleza. "Mtu wa miaka thelathini angenunua, akasubiri. Mimi nisubiri nini, mwanangu? Mwezi ujao nataka kula."

Basi akakata shauri. Atapanua madirisha, chumba kimoja kimoja, kwa akiba yake mwenyewe. Chumba kilicho wazi kitampokea mpangaji ambaye chake kinabomolewa ukuta. Mdogo wake alinuna wiki mbili, kisha juzi akatokea na mifuko miwili ya saruji, akaiteremsha mlangoni.

Mwalimu anachungulia, kikombe cha chai mkononi, anauliza zamu yake ni lini.

"Chako ndicho kinachofuata, mwalimu. Wengine kodi itapanda kidogo, ila wewe mpaka mwakani."

Mwalimu anaitikia kwa kichwa. Kwa miaka tisa amesomea magazeti yake mlangoni, anasema, na sasa ataanza kusomea kitandani.

Mama Pazia anatarajia kumaliza vyumba vyote kabla ya mwaka kwisha, kisha aipumzishe cherehani. Kwa sasa yuko na namba tatu. Dirisha lake jipya ni pana karibu mara mbili ya lile la zamani, na mwanga unafika hadi ukuta wa nyuma.

Analijaribishia pazia la zamani. Linaishia katikati. Analitazama kidogo, analikunja, analiweka kando, kisha anavua futi ya kushonea iliyoning'inia shingoni.

"Safari hii," anasema, akipanda juu ya kigoda, "napima dirisha kwanza."