Sumaku ya Spika na Sumaku ya Waya

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiisimulia vidole vyangu vinakufa ganzi. Naisimulia kwa sababu jana nimekukuta unazungushia waya kwenye msumari, unasema ni kazi ya fizikia, na ncha za waya umezibana kwenye betri kwa vidole vitupu huku unacheka. Nilishtuka hata mwiko ukaniponyoka. Kaa hapa, hiyo kazi itakusubiri.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini, naosha dhahabu kwenye machimbo madogo huku Geita. Mchanga ukitoka karashani, kule mawe yanakosagwa, unakuja na vumbi la chuma. Vumbi hilo tulilitoa kwa sumaku ya spika mbovu, tumeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ukiipitisha juu ya mchanga, chuma kinairukia na dhahabu inabaki imelala, maana dhahabu haina habari na sumaku. Yangu niliitumia miaka mitatu na haikuniangusha hata siku moja, basi nikajiona bingwa wa sumaku.

Siku hiyo nyundo nzito ya kaka yangu Masanja, ndiye mjomba wako huyu, ilitumbukia kwenye ufa chini kabisa ya duara, yaani shimo la kuchimbia mawe. Mkono wake haukuifikia, na sumaku ya spika haikuuweza uzito ule. Nikakumbuka la shuleni: waya ukizungushwa kwenye chuma na umeme ukapita, chuma kile kinakuwa sumaku, na mizunguko ikizidi nguvu nayo inazidi. Nikakimbilia kwa Mzee Kulwa, fundi wa kusuka mota, nikamwomba waya wa shaba. Akanipa, akaanza kunieleza, "Binti, koili, yaani waya uliozungushwa hivi, ina tabia zake..."

Nikamkatisha. "Wabeja, asante baba, nimeshaelewa."

Sikuwa nimeelewa kitu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa, na haraka haraka, mwanangu, unajua haina nini.

Nikauzungusha waya mamia ya mara kwenye bolti nene ya lori, nikaweka betri ya gari ukingoni, tukaiteremsha ile bolti kwa kamba. Masanja akaipenyeza ufani. "Imeng'ata!" akapiga kelele kutoka chini. "Niibandue nyundo niitie kwenye ndoo?"

Hapo ndipo nilipokosea. Watu walikuwa wamejaa ukingoni wakinitazama, nikamjibu, "Iache hapohapo kwenye sumaku, waone wenyewe!"

Vijana wawili wakavuta kamba. Mimi nilikuwa nimezibana ncha mbili za waya kwenye betri, kila mkono na ncha yake. Zikapata moto. Nikawaza, niinue moja kidogo tu, nipulize kidole. Sumaku si inabaki sumaku? Ile ya spika mbona hailali?

Nikainua. Mungu wangu! Nilipigwa shoti mikono yote miwili nikaanguka chali, na ilikuwa betri ambayo kila siku tunaishika haitufanyi kitu. Nikiwa palepale chini nikasikia kaka yangu akilia ndani ya shimo. Nyundo ilikuwa imemwangukia bega la kulia.

Walipomtoa, watu wakaanza kunong'ona kwamba mizimu ya duara imekasirika, atafutwe mbuzi mweusi. Mzee Kulwa akafika, akautazama waya, kisha akanitazama mimi.

"Hakuna mzimu hapa," alisema. "Sumaku ya spika ni ya kudumu. Hii ya waya inaishi kwa umeme tu. Ukiukata, inakufa papo hapo. Na ikifa ghafla haiondoki kimya. Nguvu iliyokuwa imejaa kwenye koili inageuka umeme mkali kuliko wa betri yenyewe, inatafuta pa kupita. Ilipita kwako." Akainama akaukusanya waya wake. "Waya uliuchukua, ng'wanawane, mwanangu. Maneno yake ukaniachia."

Sijawahi kutukanwa tusi likaniuma kama maneno hayo.

Basi mwanangu, tengeneza sumaku yako, sikukatazi. Tumia betri ndogo ya tochi, weka swichi, usishike waya ulio wazi, wala usimwache mtu asimame chini ya kitu kinachoning'inizwa na umeme. Na mtu akianza kukueleza jambo, mwache amalize. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusema nimeelewa kumbe hujaelewa.

Jumapili mjomba wako atakuja. Najua unanung'unika kwamba huwa anakupa mkono wa kushoto kama mtu asiye na adabu. Wa kulia haunyanyuki, mwanangu. Ni mimi niliyeuangusha. Mwamkie shikamoo, na huo wa kushoto uupokee kwa mikono yako yote miwili.

Mwenyezi Mungu ailinde mikono hiyo, akujalie na masikio yenye subira kuliko ya mama yako.