Kisu Alichonirudishia Jirani

Mama alichuma chai mpaka mashine zilipoingia shambani, yeye na wenzake wakaambiwa warudi makwao. Siku ya kuhama nyumba ya kampuni alinipa kisu cha kukunja cha marehemu babu. Mpini ulikuwa wa pembe. Upande mmoja kilikuwa na wembe mfupi, upande wa pili chuma cha kutoboa ngozi. Ukikizungusha kidogo tu, tundu linatoka safi.

Kwa kisu hicho nilianza kushona mishipi na mikanda ya shingo ya ndama, katika soko la Ndanai. Kibanda changu kilipakana na cha fundi viatu, mwenyeji wa pale. Tulikula sahani moja. Mke wangu alipojifungua, binti wa fundi huyo ndiye aliyembeba mtoto wetu. Kwa hiyo fundi alipoomba kisu, nilimpa bila kuuliza.

Kesho yake akaniletea kingine, mpini wa plastiki. Chuma chake kilipinda kwenye ngozi ya kwanza.

"Hiki si changu," nikamwambia.

"Si ndio hicho ulinipa?"

"Changu ni cha pembe."

Aliendelea kugonga soli. "Ndugu yangu, kisu ni kisu."

Miezi ikapita. Nilipeleka mikanda Sigowet, na binti yake, ambaye alikuwa ameolewa huko, akanikaribisha kwake. Nilimkuta mumewe uani anamenya muwa, na kisu mkononi ni changu. Nikaomba nikitazame. Alama niliyoikata kwa tupa kwenye kile chuma bado ilikuwepo.

"Baba mkwe alinipa tulipoenda kujitambulisha," kijana akasema kwa fahari. "Kilikuwa cha babake."

Binti akatoka na chai, akaniuliza mtoto wangu anaendeleaje. Ningemwambia nini huyo, kwamba baba yake ni mwizi na mwongo? Nikakirudisha kisu, nikanywa chai yote.

Mama alipokiulizia nilimwambia kimepotea. "Hukukitunza," akasema, na hakukitaja tena.

Nilihamisha kibanda hadi upande wa pili wa soko. Wateja wakiuliza, nasema huku kuna kivuli. Jirani bado ananisalimia kwa sauti mbele ya watu kanisani, nami namwitikia.