Mahari ya Mfalme wa Ureno

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, nilisimama mbele ya darasa kueleza mkataba wa kale ulioanzisha urafiki wa Uingereza na Ureno. Nilihitaji alama za zoezi hilo nisirudie kidato. Kitabu kilisema mfalme wa Ureno alioa binti wa Kiingereza ili kuutia nguvu mkataba huo. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Hillbrow, alikuwa ameniambia, "Mwanangu, ndoa bila mahari ni ndoa gani?" Basi katika maelezo yangu nikaongeza ng'ombe ishirini, na mbuzi wa mama mkwe.

"Ng'ombe hao walivukaje bahari?" mwalimu akauliza.

"Kwa meli, mwalimu."

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Kwa baba."

Darasa zima likaangua kicheko.

Kesho yake asubuhi nilimsubiri mwalimu getini nimwombe nirudie maelezo yangu, wenzangu wakipita wakinitania kwa mlio wa mbuzi, "Meee!"