Blanketi Niliyoigongelea Mlangoni

Nichekeni, lakini polepole. Nyumba yetu ya Kitengela iko na mlango ambao haujawahi kufika sakafuni, na ukishaingia tu, ngazi inapanda moja kwa moja hadi sebuleni. Msimu huu wa Julai upepo huingia hapo chini bila hodi, ukapanda ngazi, ukatukuta tukinywa chai tumevaa makoti.

Jumamosi nikaona blanketi nyekundu kwa kiti, mpya, nzito kabisa. Nikajua mke wangu Naserian amechoka na baridi, amenunua kitu cha kuziba mlango. Sikumuuliza, alikuwa jikoni. Nikaigongelea misumari juu ya fremu ikaning'inia mpaka chini. Upepo ukanyamaza. Nikajiona fundi.

Mchana baba yake akafika kutoka Isinya, mara yake ya kwanza kwetu. Nilimfungulia mwenyewe, akaisukuma blanketi kando akapita.

"Nyumba yenu iko na joto," akasema. Nikavimba kichwa.

Baada ya chai Naserian akasimama amvalishe baba yake zawadi, vile mabinti wa kwao hufanya. Akatazama kiti. Akatazama chini ya kiti.

"Baba Lemayian," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "ile blanketi ya baba iko wapi?"

Macho yangu yakanisaliti, yakaenda mlangoni. Yao yakafuata.

Mzee akachukua fimbo, akashuka ngazi taratibu, akageuka na kuuegemeza mgongo kwenye blanketi, akajifunika mabega.

"Naserian, kuja univalishe," akaita. "Na wewe mkwe wangu, leta nyundo."