Sinthesaiza Yenye Mguu wa Cherehani

Mimi ndiye niliyeunda ile sinthesaiza yenye mguu wa cherehani. Nasema mapema nisije nikaambiwa nimezunguka mbuyu. Huku kwetu ziwani kujisifu si utovu wa adabu. Kuna hata mahali pake ndani ya muziki, na hapo ndipo habari hii inapoanzia.

Mahali hapo panaitwa pakruok. Bendi inapiga, watu wanacheza, kisha mtu anasimama, anawatuza wanamuziki na kushika maikrofoni. Muziki unashuka mpaka inabaki besi peke yake ikizunguka chini chini. Mtu anajitaja: yeye ni wa wapi, ng'ombe wake, watoto wake, marafiki zake. Akimaliza, gitaa linapaa na watu wanashangilia. Mpiga gitaa hodari hutambua sentensi inapofika mwisho hata kabla msemaji hajafunga mdomo.

Mama yangu ana kigugumizi. Anauza njugu soko la Katito, na wateja wamezoea kummalizia maneno, mara nyingi vibaya, naye huwaachia tu waende na walichokisema wao. Alizaliwa Asembo akaolewa Nyakach, akatuzaa sisi wasichana wawili basi. Ndugu za baba walimwonea huruma waziwazi kwa kukosa mvulana, huruma ile inayoudhi kuliko matusi.

Nilipokuwa mdogo, kwenye harusi ya jirani, nilimwona akisimama kutuza bendi kwa mara ya kwanza. Nilijaa fahari, nikawasukuma wenzangu wamwangalie. Akasema, "An nyar Asembo," yaani mimi ni binti wa Asembo. Hilo lilitoka vizuri. Akaendelea, "mama wa..." na hapo neno likamkwama kooni. Mpiga gitaa akadhani amemaliza. Gitaa likapaa, watu wakashangilia, na mama akarudisha maikrofoni akicheka pamoja nao. Hakusimama tena kwenye sherehe yoyote. Mimi nikabaki na hasira kwa yule mpiga gitaa, na swali ambalo sikuthubutu kuliuliza: mama wa nini?

Nilipokua nikawa fundi wa vyombo vya muziki Kisumu, katika chumba cha kupanga karibu na soko la Kibuye. Makanisa huniletea vinanda vilivyoingiwa na maji au mende. Kwenye vile visivyopona nilitoa vipuri, nikaanza kuunda sauti zangu mwenyewe. Sinthesaiza, kwa asiyeijua, haina nyuzi wala ngozi. Umeme wenyewe ndio unaotikiswa mpaka uwe sauti, na vitufe vya kuzungusha ndivyo vinavyoamua sauti hiyo iwe nyembamba, nene au kali. Yangu ya kwanza ilikwaruza tu. Jirani muuza chipsi akaniuliza kama nimefungua kinu cha kusaga mahindi.

Sikukata tamaa, maana mimi ni mkaidi na ukaidi wangu naupenda. Mashine ikapata besi nzuri, ikapata ngoma. Lakini nilitaka ijue pakruok. Kinanda cha dukani kikishaanza mdundo wake kinaendelea tu, hata mtu akisimama kujisifu mbele yake. Mimi nikaiwekea yangu sikio: ilisikiliza maikrofoni. Mtu akianza kusema, muziki unashuka. Akinyamaza, unapaa wenyewe bila kuguswa. Vijana wa mtaani walishika vichwa. "Msee, hii kitu ni moto!" Niliipeleka kwenye sherehe kadhaa mjini na kutembea kifua mbele kama mimi ndiye mwenye ziwa.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba, na tukaanza kupanga ayie, siku ambayo wakwe huja kupata kauli ya mama mzazi kwamba amekubali binti yake aolewe. Baba alishafariki, kwa hiyo mipango ilisimamiwa na baba mdogo, ndugu yake. Alikubali nipige muziki. Kuhusu kauli alikuwa ameshaamua.

"Nitaongea kwa niaba ya shemeji," alisema. "Wageni wanatoka Kakamega, taimu ni kidogo. Yeye asisumbuke."

Mama hakubisha. Ila nilipofikisha mashine nyumbani kabla ya sherehe, aliizunguka, akaigusa, akaniuliza kama na yeye itamshukia. Nikampa maikrofoni nikiwa nimejaa majivuno.

"An nyar Asembo," akasema. "Mama wa..." Akanyamaza, akipigana na neno lile lile. Mashine ikasikia kimya. Ikapaa.

Mama akacheka kicheko chake cha siku ile ya harusi. "Ni nzuri, nyathina," akaniambia, yaani mwanangu. "Inapiga kama ya watu." Akarudi kuchambua njugu zake. Mimi nilitamani kuitupa mashine shimoni. Nilikuwa nimemuunda upya yule mpiga gitaa, kwa mikono yangu mwenyewe, na juu ya hayo nikamnunulia umeme.

Nilirudi Kisumu nikaling'oa lile sikio. Kwa wauza vyuma chakavu pale Kibuye nikapata mguu wa cherehani ya zamani, ule wa chuma wenye kibao cha kukanyagia.

"Sister," muuzaji akasema, "sasa hii mguu bila kichwa utashona na nini?"

"Sishoni. Napiga muziki."

Akapunguza bei kwa huruma. Chini ya kibao nikafunga sumaku, na karibu yake kifaa kidogo kinachohisi sumaku inaposogea. Ukikanyaga kwa vidole, muziki unapanda. Ukikanyaga kwa kisigino unashuka, na unakaa huko chini kwa muda wote ambao kisigino kimekaa. Mashine haiamui tena mtu amemaliza lini. Naamua mimi, na mimi namjua mama yangu.

Siku ya ayie wageni walifika, wakala samaki, wakacheza mpaka vumbi likapanda. Mguu wa cherehani uliwachekesha wengi, wakaniuliza kama nitawashonea suti. Nikawaambia wangoje. Baba mdogo alipoanza kusafisha koo ili atoe kauli, mama alikuwa ameshasimama. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akaweka noti juu ya sinthesaiza kama anavyotuzwa mwanamuziki yeyote, akachukua maikrofoni. Nikashusha kisigino, na ikabaki besi.

"An nyar Asembo," akasema, kisha akawageukia wageni kwa Kiswahili. "Mimi ni mama wa..."

Neno likakwama.

Besi ikazunguka, ikazunguka tena. Watu wakaanza kutazamana. Mshereheshaji akaniashiria kwa mkono nipandishe, nikamkazia macho mpaka akaushusha mkono wake. Baba mdogo akaniinamia sikioni.

"Wewe, pandisha! Unaaibisha shemeji mbele ya watu."

"Baba, hajamaliza."

Mguu wangu ukakaa palepale. Kwa mkono nikazungusha kitufe kimoja polepole, besi ikawa nene na laini zaidi. Sikutaka asimame peke yake ndani ya kimya. Nilitaka asikie kwamba nipo. Niliogopa pia, sitaficha, kwamba atacheka na kunirudishia maikrofoni, na safari hii ingekuwa mbele ya wakwe, siku yake mwenyewe. Mama alifumba macho. Akavuta pumzi. Hakuharakisha.

"Mama wa wasichana watupu," akasema.

Baba mdogo akanyooka.

"Huyu mmoja, nimekubali aolewe. Nimekubali mimi mwenyewe, kwa m-m-mdomo wangu. Na huyu mwingine ndiye alitengeneza hii kitu inaningoja." Akazungusha macho kwa ndugu za baba, mmoja mmoja. "Sijakosa mtoto. Sijawahi kukosa."

Vigelegele vikapigwa upande wa wakwe, kisha upande wetu. Nilikuwa nalia bila aibu yoyote, kichwa juu, mguu ukiniuma. Hatimaye nilijua mama wa nini. Mdogo wangu akapiga kelele, "Pandisha, pandisha sasa!" na mshereheshaji akanyoosha mkono kupokea maikrofoni.

Mama akaisogeza mbali naye.

"Bado," akasema.

Nikakaza kisigino.